Duara kwenye Sahani Halitoshi: Jinsi ya Kupima Bakteria wa Kulinda Mizizi ya Ngano

Mzee mmoja wa Mau Narok, Kenya, aliniita shambani kwake ngano ikiwa imebakiza wiki tatu hivi ivunwe. Ukiitazama kwa mbali ilikuwa inageuka dhahabu vizuri, ila hapa na pale palikuwa na mabaka ya masuke meupe yaliyosimama wima. Suke lililojaa huinama. Haya yalikuwa matupu.

"Kijana wangu," akaniambia, "kutu siioni. Nimepiga dawa mara mbili. Sasa hii ni nini?"

Nikang'oa shina moja, nikamenya majani ya chini, nikamwonyesha. Kifundo cha kwanza juu ya udongo kilikuwa na rangi ya asali iliyoungua, na mizizi ilikatika mkononi kama uzi uliooza. "Mzee, ugonjwa uko chini."

Huku kwetu Njoro macho yote yako juu, na kuna sababu. Tangu mwaka 2005 ngano kutoka nchi nyingi huletwa hapa kupimwa dhidi ya kutu ya shina ya Ug99, ugonjwa uliogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Kutu huonekana barabarani ukipita na gari. Mizizi mpaka upige magoti. Dawa ya kuvu inayopakwa kwenye mbegu humlinda mche katika wiki za mwanzo, halafu huisha nguvu huku mzizi ukiendelea kurefuka. Ndiyo maana nimetumia miaka yangu ya maabara kutafuta bakteria anayeweza kupakwa kwenye mbegu, akateremka na mzizi, akaishi nao. Hapa naeleza jinsi ya kumpima, hasa kwa mwanafunzi au fundi mwenye maabara ndogo ambaye hana kila kifaa.

Mjue adui kwanza

Usianze na bakteria. Anza na ugonjwa wa shamba lako, kwa sababu kuoza mizizi ni jina la matokeo, nao wanaoleta matokeo hayo, kuvu na wafananao nao, ni wengi: Fusarium, Bipolaris, Rhizoctonia, Pythium, na kule kwenye baridi na mvua za kutosha, Gaeumannomyces, ambaye huufanya mzizi kuwa mweusi tii. Bakteria anayemshinda mmoja anaweza asimguse mwingine.

Chukua mimea yenye dalili za mwanzo, si iliyokwisha kufa. Iliyokufa imevamiwa na kila mla mizoga wa udongoni. Osha mizizi kwa maji yanayotiririka nusu saa. Kata vipande vya milimita 5 pale hasa rangi ya kahawia inapokutana na nyeupe, maana huko ndiko kuvu bado anasonga mbele. Vitie kwa dakika moja kwenye Jik iliyozimuliwa hadi asilimia 1 ya hipokloriti (soma chupa ujue ilianza na asilimia ngapi), suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwa presha, kausha kwenye karatasi safi, kisha vipange juu ya aga ya viazi (chakula kilichogandishwa cha kuoteshea vijidudu kwenye sahani za maabara) iliyotiwa streptomaisini ili bakteria wasikuharibie kazi.

Baada ya siku tano kwenye nyuzijoto 25 utaona nani katoka. Fusarium nyingi huonyesha utando mweupe unaoelekea waridi au nyekundu ya damu ya mzee, na chini ya hadubini mbegu zake (spora) zimepinda kama mundu. Msafishe mpaka awe peke yake, mwambukize mche mzima, kisha umtoe tena kwenye mche huo. Asipotoka, huyo siye muuaji. Hatua hii wengi huiruka kwa kuharakia bakteria, na nimeona kazi ya mwaka mzima ikitupwa kwa ajili yake.

Watafute bakteria kwenye mmea uliopona

Huko Pullman, jimbo la Washington, Marekani, watafiti waliona jambo ambalo wakulima walikwisha kuliona: ukipanda ngano juu ya ngano miaka mfululizo, ugonjwa wa Gaeumannomyces huongezeka mpaka shamba likakaribia kukutia umaskini, halafu unapungua wenyewe. James Cook na David Weller walifuatilia, na mwaka 1983 walichapisha matokeo ya kupaka mbegu za ngano bakteria wa jamii ya Pseudomonas waliotolewa kwenye mizizi ya mashamba ya aina hiyo. Baadaye ilijulikana kuwa wengi wa walinzi hao hutengeneza kiuavijasumu kifupishwacho DAPG, na kwamba ulinzi huonekana pale bakteria wanapofika kama laki moja kwa kila gramu ya mzizi. Shika namba hiyo, tutairudia.

Somo nililolichukua huko ni la mahali pa kuchimba. Siendi msituni wala kwenye bustani nzuri. Naingia katikati ya baka la masuke meupe, natafuta mmea uliobaki kijani na suke limeinama, nauchimbua huo. Umezungukwa na ugonjwa na haukuugua. Huenda ni bahati tu, lakini huenda una walinzi.

Tikisa udongo unaodondoka wenyewe, uache. Unaoung'ang'ania mzizi ndio unaoutaka. Weka gramu moja ya mizizi pamoja na udongo wake katika mililita 9 za maji safi, tikisa kwa nguvu dakika kumi, kisha zimua mara kumi, tena mara kumi, mpaka hatua ya sita. Pakaza mililita 0.1 ya hatua tatu za mwisho kwenye sahani.

Kwa Pseudomonas natumia chakula cha King B. Kwa lita moja: peptoni gramu 20, gliserini mililita 10, dipotasiamu fosfeti gramu 1.5, magnesiamu salfeti gramu 1.5, aga gramu 15. Baada ya siku mbili, zima taa za chumba na mulika sahani kwa taa ya urujuanimno (UV). Maabara yetu haikuwa nayo; nilinunua ile ndogo ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia, nayo inafanya kazi vizuri kabisa. Koloni (vidoa vya bakteria) zinazong'aa kijani-manjano ndizo unazozitaka. Mara ya kwanza kuziona niliwaita wenzangu wote waje kutazama, zilivyowaka gizani kama vimulimuli.

Kwa Bacillus, jamii nyingine ya bakteria, njia ni nyingine: weka mililita chache za yale maji ya mizizi kwenye nyuzijoto 80 kwa dakika 10. Walio uchi hufa, wenye mbegu ngumu (spora zinazostahimili joto) husalia.

Kabla ya kuendelea, mpeleke kila Pseudomonas kwenye nyuzijoto 41. Anayeota huko mchemshe na umtupe, hata akiwa hodari namna gani. Pseudomonas aeruginosa naye hung'aa, naye huwaambukiza binadamu, hasa wenye vidonda na waliodhoofika. P. fluorescens, mmoja wa tunaowatafuta, haoti kwenye joto hilo. Kwa upande wa Bacillus, jihadhari na B. cereus, anayesumbua matumbo. Kwenye aga ya damu huyeyusha damu na kuacha uwazi mpana. Tunachopaka kwenye mbegu kitashikwa kwa mikono ya watu wasio na glavu, mara nyingi akina mama wanaopanda huku mtoto yuko mgongoni. Kwenye hili sina mjadala.

Na mhifadhi siku ileile uliyompata: gliserini asilimia 20 hadi 40, kwenye friza yenye baridi kali uliyo nayo, mirija miwili au mitatu ya kila mmoja. Nilikuwa na bakteria mmoja mzuri niliyemhamisha sahani hadi sahani kwa miezi minne kwa kuwa friza ilikuwa imejaa. Mwishoni alikuwa anaota haraka kuliko mwanzo na hamzuii kuvu yeyote. Pseudomonas hufanya hivyo: kwenye chakula cha bure, wale waliopoteza vinasaba vinavyowasha utengenezaji wa sumu huongezeka kuliko wenzao, na koloni hubadilika sura. Nilimpoteza mlinzi, nikabaki na mnyonge mwenye jina lake.

Sahani: chujio, wala si hukumu

Weka kipande cha kuvu cha milimita 5 katikati ya sahani ya sentimita 9, na matone ya bakteria pande nne, sentimita moja kutoka ukingoni. Tumia aga ya viazi iliyopunguzwa hadi moja ya tano. Kwenye chakula kingi kila mtu ni shujaa. Weka na sahani nyingine zenye kuvu peke yake. Kuvu hao wakikaribia ukingo, pima. Ukuaji wa kuvu aliye peke yake, toa ukuaji wa aliyekabiliwa na bakteria, gawanya kwa ule wa kwanza, zidisha kwa mia: hiyo ndiyo asilimia ya kuzuia.

Utaona maduara matupu kati ya kuvu na bakteria, na yanapendeza sana. Usiyaamini. Ukifanya jaribio hili kwenye King B, kumbuka haina madini mengi ya chuma, na Pseudomonas hung'aa kwa sababu ya kemikali anayoitoa ili kunyakua chuma. Duara unaloliona huko linaweza kuwa njaa ya chuma tu, nayo udongo wako una chuma tele. Rudia jaribio ukiongeza feri kloridi kidogo, maikromoli 100 kwa lita. Duara likitoweka, umejua lilitokana na nini.

Jambo lililonibadilisha ni hili. Nilikuwa na bakteria nimempa jina M17, mwenye duara pana kuliko wote. Kwenye vikombe vya udongo hakufanya kitu. Miche yake iliugua sawasawa na isiyopakwa. M4 naye hakuwa na duara hata kidogo, nikamwacha kwenye jaribio kwa sababu tu nafasi ilikuwepo. Mizizi yake ilitoka myeupe. Bakteria anaweza kumlinda mmea kwa kuuamsha ujikinge wenyewe, au kwa kukaa pale kuvu alipotaka kukaa, na hayo mawili huwezi kuyaona kwenye sahani kwa kuwa mmea haumo. Tangu hapo siwaondoi wasio na duara. Nachukua wenye duara, na nachukua wachache wasio nalo wanaoota vizuri kwenye mzizi.

Vikombe: hapa ndipo kazi ilipo

Andaa kwanza ugonjwa. Loweka gramu 250 za shayiri au mtama usiku kucha, chuja, tia kwenye chupa, chemsha kwa presha saa moja leo na saa moja kesho. Siku ya pili ni ya kuua vile vilivyochipuka kutoka mbegu zao ngumu usiku. Weka vipande vya kuvu, acha wiki tatu, tikisa chupa kila baada ya siku mbili tatu ili zisigandamane. Kausha, saga, chekecha. Zifungie mbali na kuku na ng'ombe, maana Fusarium huacha sumu kwenye nafaka hata kuvu mwenyewe akifa.

Sasa kipimo cha ugonjwa. Nataka ukae hapa kidogo. Jaribio langu kubwa la kwanza nilitia gramu 5 za nafaka hizo kwa kila gramu 100 za udongo, nikidhani kwamba bakteria wa kweli ataonekana kwenye vita vikali. Miche yote ilikufa. Iliyopakwa na isiyopakwa, yote, ndani ya siku kumi na mbili. Hakuna nilichojifunza ila kwamba kuvu wangu anaua. Kinyume chake ni kibaya vilevile: ugonjwa ukiwa hafifu, wote wanapona na huwezi kumjua mlinzi. Kwa hiyo kabla ya kumgusa bakteria yeyote, panda ngano tupu kwenye udongo wenye gramu 0, 0.25, 0.5, 1, 2 na 4 kwa kila gramu 100, usubiri wiki nne. Chagua kiwango kinachougusa mzizi hadi katikati, kwenye alama nitakazozieleza hivi punde. Kiwango hicho hubadilika kila unapotengeneza nafaka mpya, basi rudia.

Udongo usiuchemshe. Najua vitabu vingi vinasema uchemshwe. Udongo uliochemshwa ni nyumba tupu, na bakteria yeyote atakayeingia atakuwa mwenye nyumba. Shambani atakuta wapangaji wa zamani wasiompisha. Chukua udongo mbichi wa shamba la ngano, chekecha, changanya na nafaka ya ugonjwa, jaza vikombe vya plastiki vilivyotobolewa chini.

Kupaka mbegu: kwangua bakteria waliojaa sahani mbili za siku mbili, wachanganye katika mililita 5 za methiliselulosi asilimia 1, ambayo ni gundi isiyodhuru. Mililita 4 za uji huo hutosha gramu 100 za mbegu, yaani mbegu kama 2,500 hivi. Zungusha kwenye mfuko mpaka zote zing'ae, tandaza zikauke kwenye upepo safi. Kisha chukua mbegu 10, tikisa kwenye maji, zimua, panda kwenye sahani, uhesabu. Natafuta kati ya milioni 10 na milioni 100 kwa mbegu. Usikisie. Hesabu tena baada ya siku moja, wiki moja, wiki mbili. Pseudomonas hana mbegu ngumu na hufa akikauka. Anayepotea baada ya wiki moja hatamfaa mkulima ambaye mbegu zake zinasubiri mvua kwenye stoo ya mabati.

Vikombe vya kulinganishia ndivyo vitakavyosema ukweli, basi usivibanie nafasi. Mbegu zenye gundi tu, bila ugonjwa, lakini udongo wake umetiwa nafaka iliyochemshwa isiyo na kuvu, kwa sababu nafaka yenyewe ni chakula na huubadilisha udongo. Mbegu zenye gundi tu kwenye ugonjwa. Bakteria pamoja na ugonjwa. Bakteria bila ugonjwa, maana wengine huudhoofisha mche wanaodai kuulinda. Bakteria waliouawa kwa moto. Na dawa ya kuvu ambayo mkulima angeinunua dukani. Kila kundi vikombe sita, vikipangwa kwa kura ndani ya kila rafu, na maji yapimwe kwa mizani: kikombe kilichokauka kuliko jirani yake kitakudanganya kuhusu Fusarium kuliko chochote kingine.

Baada ya wiki nne, osha mizizi juu ya chekecheo na uieleeze ndani ya beseni jeupe lenye maji, itawanyike kama nywele. Mimi hutoa alama hivi: 0 mizizi yote myeupe, 1 madoa chini ya asilimia 10, 2 hadi robo, 3 hadi nusu, 4 zaidi ya nusu, 5 mche umekufa. Pima pia urefu na uzito wa mizizi iliyokaushwa.

Anayetoa alama asijue kikombe ni cha nani. Mwanafunzi wangu huandika namba tu kwenye vikombe na kuifungia karatasi ya majina droo ya mbali. Nilipoanza kufanya hivyo, tofauti kadhaa nilizokuwa nikiziona kila mara zilitoweka. Jicho langu lilikuwa likiwapendelea niliowapenda. Rudia jaribio zima angalau mara mbili kwa wakati tofauti, na kwa kuwa alama hizi ni ngazi, si uzito wa mizani, tumia kipimo cha takwimu kinachofaa ngazi, kama Kruskal-Wallis.

Je, bado yuko?

Mche umepona; nani kauponya? Mtie bakteria alama kabla hujaanza. Mpakaze kwa wingi kwenye sahani yenye rifampisini, kiuavijasumu kinachoua bakteria wengi, miligramu 100 kwa lita. Wachache wataota wenyewe. Chagua anayekua sawa na mzazi wake na anayelinda sawa naye, huyo ndiye utakayemtumia. Mwisho wa jaribio, osha gramu moja ya mizizi, zimua, panda kwenye rifampisini, hesabu. Hapo ndipo ile laki moja kwa gramu inaporudi. Ilipimwa kwa ugonjwa mwingine na bakteria wengine, kwa hiyo siichukui kama sheria, ila ikiwa mmea umepona na bakteria wako hayupo kabisa kwenye mzizi, tafuta sababu nyingine kabla ya kufurahi. Kata mzizi vipande vitatu, juu, kati na ncha, uhesabu kila kimoja. Wengi hubaki juu karibu na mbegu na hawateremki.

Shambani

Wawili au watatu tu ndio hufika hapa. Kenya, dawa yoyote ya kudhibiti wadudu na magonjwa, hata ikiwa hai, iko chini ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu Waharibifu, basi omba kibali cha majaribio kabla ya kufungua shamba, na usimpe jirani mbegu zilizosalia hata akikubembeleza. Vitalu vinne vya kila kundi, misimu miwili au zaidi, mahali pawili penye hali tofauti. Njoro ina mita kama 2,200 juu ya bahari, Mau Narok iko juu zaidi na ni baridi zaidi, na aliyeshinda huku anaweza kushindwa kule. Hesabu masuke meupe, ng'oa mimea 20 kila kitalu utoe alama za mizizi, kisha vuna na upime magunia, kwa maana mkulima hali mizizi myeupe.

Yule mzee alitupa pembe ya shamba lake, palepale kwenye mabaka. Kila nikipita ananiuliza mistari ipi ndiyo yenye dawa, ile iliyo karibu na mti au ile ya bondeni, kwa kuwa yeye tayari ana wake anaoupenda. Namjibu, "Mzee, hata mimi sijui. Karatasi iko kwenye droo mpaka tupime." Naye hucheka, anarudi kuutazama mstari ule ule.